Kutambaa na Kupeperuka: Kisa cha Nyasi ya Dodoma na Nyasi ya Turkana

Mbegu mbili za nyasi ziliondoka Afrika Mashariki kabla ya nchi zetu kupata uhuru. Ya kwanza ilichukuliwa Dodoma, Tanganyika ya wakati huo, katika miaka ya 1930, ikapelekwa Queensland, Australia, ambako ilikuja kuitwa Biloela kwa jina la mji wenye kituo cha utafiti wa malisho. Ya pili ilitoka katika jangwa la Turkana, kaskazini mwa Kenya, ikafika Texas, Marekani, ambako mwaka 1946 ilijaribiwa huko San Antonio kwa namba T-4464, na ilipofika 1949 ilikuwa imeanza kugawiwa wenye ranchi. Zote mbili ni mbegu za spishi moja, Cenchrus ciliaris, ile nyasi yenye suke la manyoya ambayo Wakamba wa Makueni na Kitui huiita ndata kivumbu. Mtaalamu wa mimea akiletewa suke moja kutoka kila upande ataandika jina lilelile kwenye vibandiko vyote viwili, wala hatakuwa amekosea.

Hata hivyo, mfugaji aliyepanda ya Dodoma na mfugaji aliyepanda ya Turkana hawakupata malisho ya namna moja. Ya Dodoma hurefuka hadi kukaribia mita 1.5, majani yake yana rangi ya kijani inayoelekea buluu, na chini ya udongo hutoa mashina mafupi manene yanayotambaa na kuchipua pembeni mwa mama. Ya Turkana, ambayo Waaustralia waliipokea baadaye kwa jina la American, haizidi sana mita moja, mashina yake ni membamba, majani yake hujaa karibu na ardhi, na hukaa katika kishungi chake bila kutambaa kwa kiasi cha kutajwa. Gayndah, mbegu nyingine ya Kenya iliyopelekwa Queensland, ina umbo hilohilo la kishungi kifupi kilichobanana. Kisa ninachokichambua hapa ni tofauti hiyo: imetoka wapi, kwa nini haikufutika hata baada ya miongo mingi ya kupandwa ugenini, na kwa nini neno "kuenea", tunalolitumia kila siku tunapozungumzia nyasi, linafunika mambo mawili ambayo hayapaswi kupimwa kwa rula moja.

Tuianze nyasi yenyewe, kwa kuwa mengi yaliyoandikwa juu yake huanzia kwenye takwimu za ranchi na kumsahau mtu ambaye hajawahi kuishika. Chukua suke lililokomaa, libane kati ya kidole gumba na cha shahada karibu na kikonyo, kisha livute kuelekea ncha. Lote litapukutika mara moja, na kiganjani utabaki na rundo la vifuko vyepesi vilivyozungukwa na manyoya, huku uti wa suke ukibaki mtupu wenye mikunjomikunjo. Ukipuliza, vifuko vingi vitaondoka na pumzi yako, na vitakavyobaki utavikuta vimenasa kwenye mkono wa shati. Ndani ya kifuko mna punje moja au mbili, wakati mwingine zaidi, na vingine havina kitu. Hiyo ndiyo sababu mbegu hii haikubali kupita kwenye mashine za kupandia nafaka bila kuviringana na kuziba, na ndiyo sababu wakulima wengi huichanganya na mchanga au samadi kavu, wakaitawanya kwa mkono.

Sasa chukua jembe uchimbe kishungi. Kwenye ukoo wa aina ya Turkana jembe litatoa tonge moja la mashina yaliyobanana, lenye msingi mgumu uliovimba kidogo ambamo mmea huweka akiba yake ya chakula, na chini yake mizizi inayoweza kushuka zaidi ya mita mbili udongo ukiruhusu. Kwenye ukoo wa aina ya Dodoma kazi haiishii hapo: jembe hukata mashina meupe yenye vifundo, yanayolala chini ya uso wa udongo, na kila kifundo kina jicho lililo tayari kuchipua. Kipande kinachobaki ardhini si lazima kife. Ukiirudia sehemu hiyo baada ya mvua utakuta majani mapya pale ulipodhani umemaliza.

Neno "ukoo" nimelitumia kwa makusudi. Wataalamu husema ekotaipu, yaani kundi la mimea ya spishi moja lililozoea mazingira ya mahali pake hadi likapata tabia zake za kurithi. Neno hilo lilitungwa na Msweden Göte Turesson mwaka 1922. Kwa nyasi hii, lakini, ukoo ni neno linalokaa vizuri zaidi, tena ukoo wa kufuata mama. Cenchrus ciliaris kwa sehemu kubwa huzaa mbegu bila dume kuchangia chochote katika kiinitete. Chavua huhitajika ili chakula cha punje kijengeke, lakini kiinitete chenyewe hutokana na chembe za mwili wa mama, na mche unaoota ni nakala yake. Utaratibu huu huitwa apomiksisi. Kwa sababu hiyo, ukoo wa Dodoma unaweza kupandwa ubavuni mwa ukoo wa Turkana kwa nusu karne, upepo ukavuma pande zote, na watoto wa kila upande wakaendelea kufanana na mama zao. Katika mahindi au mtama wa kienyeji jambo hilo lisingewezekana.

Kwa watu wa mbegu, apomiksisi ilikuwa baraka na ukuta kwa wakati mmoja. Ilikuwa baraka kwa kuwa mbegu iliyopatikana nzuri inabaki nzuri kizazi baada ya kizazi bila gharama ya kuitenga. Ilikuwa ukuta kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuoanisha sifa za koo mbili, kwa mfano kuupa ukoo wenye majani mengi yale mashina yanayotambaa. Ukuta huo ulipata mlango mwaka 1962, pale E. C. Bashaw, mtafiti wa nyasi huko Texas, alipochapisha taarifa ya mmea mmoja nadra wa nyasi hii uliokuwa ukizaa kwa njia ya kawaida ya dume na jike. Kutokana na mmea huo iliwezekana kuchanganya koo, na Texas ikatoa mbegu mpya kama Higgins, kisha Nueces na Llano, ambazo zilikusudiwa kuwa na mashina ya chini na kustahimili baridi kuliko T-4464. Nikitazama orodha ya malengo ya kazi hiyo, naona kwamba watafiti wa Texas walikuwa wakijaribu kwa miaka mingi kuirudishia nyasi ya Turkana kitu ambacho nyasi ya Dodoma ilikuwa nacho tangu mwanzo.

Hata hivyo hakuna anayeruhusiwa kusema "tofauti hii ni ya kuzaliwa" kwa kutazama tu mimea miwili porini. Nyasi iliyo kwenye bonde lenye rutuba itakuwa ndefu, na iliyo kwenye mwinuko wa changarawe unaopitiwa na mbuzi kila asubuhi itakuwa fupi, hata kama mama yao ni mmoja. Njia ya kutenganisha malezi na kuzaliwa ni kuzikusanya mbegu kutoka sehemu mbalimbali, kuziotesha katika shamba moja, udongo mmoja na mvua moja, na kusubiri. Kazi ya namna hiyo imefanywa kwa nyasi hii katika nchi kadhaa. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, imewahi kupanda makumi ya sampuli zake katika Bonde la Ufa la Ethiopia na kuzipanga katika makundi kwa urefu, unene wa shina, muda wa kuchanua na wingi wa malisho. Nchini Kenya, kituo cha Kiboko cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kilicho Makueni kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, kimekusanya koo za nyasi hii kutoka Magadi, Kilifi, Taveta na Kiboko kwenyewe, zikapandwa na kulinganishwa.

Orodha hiyo ya majina manne inastahili kusomwa polepole. Magadi ni shimo la joto ndani ya Bonde la Ufa, lenye chumvi na mvua kidogo. Kilifi ni pwani, kwenye unyevu wa bahari na mvua inayoweza kuzidi milimita 1,000 kwa mwaka. Taveta iko chini ya Kilimanjaro. Kiboko hupata kama milimita 600 katika misimu miwili, na mara nyingi msimu mmoja kati ya hiyo huharibika. Hizi ni nchi nne ndani ya nchi moja, na nyasi iliyoishi katika kila moja kwa vizazi vingi imechujwa na kitu tofauti. Sampuli zao zinapowekwa kwenye vitalu vya ukubwa mmoja na bado zikatofautiana kwa urefu, kwa idadi ya machipukizi na kwa uzito wa majani makavu, hapo ndipo tunapoweza kusema kwamba tofauti imo ndani ya mbegu.

Nina lalamiko moja kuhusu majaribio ya aina hii kwa jumla, nalo linahusu saa na rula. Majaribio mengi hufungwa baada ya msimu mmoja au miwili, kwa sababu fedha zimekwisha au mwanafunzi anahitaji kuandika tasnifu yake. Urefu na uzito wa majani hupimika vizuri katika muda huo. Kuenea hakupimiki. Mashina ya chini huhitaji mmea uliokwisha kujijenga kabla hayajaanza safari, na mbegu inayopeperuka leo haioti kesho, kwa maana punje mbichi za nyasi hii hulala kwa miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. (Mkulima anayevuna na kupanda mara moja, kisha akamlaumu aliyemuuzia mbegu, mara nyingi analaumu usingizi huo.) Matokeo yake ni kwamba tuna takwimu nyingi juu ya kiasi gani cha malisho hutoka kwenye kila ukoo, na chache mno juu ya ukoo upi unaondoka kwenye kitalu chake, kwa njia gani, na kufika wapi. Tena kitalu chenyewe humficha anayeondoka: vijia kati ya vitalu hupaliliwa, na mche uliotokeza nje ya kamba hung'olewa kama gugu bila kuhesabiwa.

Tukirudi kwa Dodoma na Turkana, inafaa tuulize kwa nini koo hizi mbili zikawa hivyo zilivyo. Ninachosema hapa ni usomaji wangu wa hali ya hewa na umbo la mmea. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kiasi kisichofika mbali na milimita 570 kwa wastani, kisha hufuata miezi saba au minane ya ukavu usio na shaka. Ukavu huo ni mrefu, lakini hauna hila. Unakuja kila mwaka na unaondoka kila mwaka. Mmea unaojua kwamba mvua itarudi hufaidika kwa kuwekeza katika mwili wake wa chini, kuhifadhi akiba, na kuidaka mvua ya kwanza kwa macho yaliyokwisha kuwa tayari chini ya udongo, kabla ya jirani aliyekufa na kutegemea mbegu. Turkana ni mambo mengine. Mvua ya sehemu zake kame inaweza kuwa chini ya milimita 200, inaweza kunyesha wiki mbili ikakatika, na inaweza kukosekana kabisa mwaka mzima. Mmea wa huko hauna uhakika wa kuuona msimu ujao ukiwa hai, hivyo faida iko katika kuchanua upesi na kuzituma mbegu mbali, kwenye kijito au bonde ambako huenda mvua ilinyesha. Kwa Dodoma urithi ni shamba; kwa Turkana urithi ni nauli.

Ukoo wa tatu unaitia nguvu hoja hii kutoka upande ambao haukutarajiwa. Kabla ya mbegu za Dodoma na Kenya kufika Australia, nyasi hii ilikwisha kuingia huko bila kualikwa. Inasimuliwa kwamba ililetwa tangu miaka ya 1870 na waendesha ngamia waliotoka upande wa Afghanistan na India, ikiwa imejazwa ndani ya matandiko ya ngamia, na kwamba ilianza kuota katika pwani ya kaskazini-magharibi na kando ya njia zao. Ukoo huo, unaojulikana kama West Australian, ni mfupi, hutoa malisho kidogo, na huwahi kuchanua kuliko karibu wote waliokuja baadaye. Hakuna mtafiti aliyeuchagua. Uliosalimika ni ule uliokuwa na haraka ya kutoa mbegu zinazonasa kwenye kila kinachopita, na safari yenyewe ndiyo iliyofanya uchaguzi.

Ni hapo ambapo maana mbili za kuenea hutengana wazi. Kutambaa ni kuongeza eneo la kishungi kilichopo: mmea unajaza mapengo ya udongo wazi, unashikilia mahali pake, unarudi baada ya moto au baada ya ng'ombe kula hadi chini, na mwendo wake wa mwaka mzima waweza kupimwa kwa sentimita. Kupeperuka ni kuhama: punje moja kati ya maelfu inashuka mahali papya, labda kilomita kadhaa kutoka kwa mama, kwa upepo, kwa maji ya mafuriko, kwa manyoya ya mnyama au kwa gurudumu la lori. Ukimuuliza mtu yeyote shambani ni ukoo upi kati ya hii miwili utakaovamia nchi ya watu, atakuonyesha ule wenye mashina ya chini, kwa sababu ndio unaoonekana ukisogea. Historia imejibu vingine.

Nyasi ya Turkana ilivuka kutoka Texas kuingia Mexico, na kuanzia miaka ya 1960 ikapandwa kwa wingi katika jimbo la Sonora, ambako mamia ya maelfu ya hekta za vichaka vya jangwa zilifyekwa kwa tingatinga ili kuipisha. Kutoka kwenye ranchi ilifuata barabara. Kingo za lami hukusanya maji yanayotiririka kutoka kwenye uso wa barabara, udongo wake umevurugwa, na magari hupita mchana na usiku yakivuta upepo nyuma yao. Kwa mbegu yenye manyoya hapo ni njia kuu kwa kila maana. Kaskazini ya mpaka, huko Arizona, ilipanda kwenye miteremko ya milima inayouzunguka mji wa Tucson, na mwaka 2005 jimbo hilo liliitangaza kuwa gugu la hatari. Kilichowatia watu wa huko hofu si nafasi iliyochukua peke yake. Jangwa la Sonora lina mimea iliyoachana, na katikati yake udongo mtupu, kwa hiyo moto haukuwa na pa kukanyaga. Nyasi ya Turkana ilijaza mapengo hayo kwa vishungi vikavu, vishungi vikabeba moto kutoka mmea hadi mmea, na mdungusi mkubwa wa saguaro, unaoweza kuishi zaidi ya miaka 150, haukuumbwa kustahimili moto. Nyasi yenyewe huungua juu, ikachipua tena kutoka kwenye ule msingi uliovimba.

Kwa hiyo ukoo usiotambaa ndio ulioteka jangwa. Haukuwa na haja ya kutambaa, kwa kuwa ulikuwa na mbegu nyingi na barabara ndefu. Biloela na Molopo, mbegu ya Afrika Kusini iliyo ndefu na yenye mashina ya chini, zimeenea pia katika Queensland, na sidai kwamba hazina madhara; jimbo la Australia ya Kusini liliitangaza spishi nzima kuwa gugu mwaka 2015 bila kubagua koo. Ninachodai ni kwamba nyasi ndefu yenye mashina ya chini, yenye kutoa mbegu chache kuliko zile fupi, inategemea zaidi mkono wa mtu kufika mahali papya, lakini ikishafika ni kazi kubwa zaidi kuiondoa. Mtu anayepambana na ukoo wa Turkana akiwahi kung'oa kishungi kizima kabla hakijachanua, amekimaliza. Anachopigana nacho baada ya hapo ni mbegu zilizolala ardhini, ambazo hudumu miaka michache. Anayepambana na ukoo wa Dodoma kwa jembe lilelile anaweza kuwa anaugawa na kuupanda. Vita viwili tofauti, na jina moja la kitaalamu kwenye karatasi.

Apomiksisi ilileta na jambo jingine ambalo wenye ranchi hawakulihesabu. Maeneo makubwa ya kusini mwa Texas na kaskazini-mashariki mwa Mexico yalikuwa yamefunikwa na T-4464, yaani kwa hesabu ya vinasaba yalikuwa karibu na mmea mmoja ulionakiliwa mara mamilioni. Mwaka 1996 ulionekana ugonjwa wa kuungua majani unaosababishwa na kuvu wa Pyricularia grisea, na kwa kuwa T-4464 hauuwezi ugonjwa huo, hapakuwa na jirani mwenye kinga wa kuuzuia usiruke kutoka kishungi hadi kishungi. Mbegu nyingine za spishi hiyohiyo zilisimama. Mfugaji aliyekuwa na koo mbili au tatu katika ranchi yake alipoteza sehemu; aliyekuwa na mmoja aliona ranchi yote ikibadilika rangi.

Swali ambalo msomaji wa Makueni au Dodoma atauliza ni kwa nini nyasi hii haijavamia kwetu, ilikozaliwa. Jibu si kwamba huku ina tabia njema. Huku inakutana na wanaoijua. Nyumbu, pundamilia, ng'ombe na mbuzi huila ikiwa changa; mchwa huondoa masalia makavu ambayo huko Sonora hugeuka kuni za moto; kuvu wa fugwe na wadudu wa majani wamekuwa nayo tangu zamani; na udongo ulio wazi kati ya vishungi vyake hugombewa na nyasi nyingine zenye haki sawa ya kuzaliwa hapo, kama zile ambazo Wakamba huziita mbeetwa, nguu na kilili. Tena katika sehemu nyingi za ukame wa Kenya na Tanzania malalamiko yako upande wa pili: nyasi hii imepungua, ardhi imebaki ngumu kama sakafu, na maji ya mvua hupita juu yake bila kuingia. Kwa hiyo sioni sababu ya kuigeuzia kisogo nyumbani kwake eti kwa kuwa imefanya fujo ugenini.

Lakini kisa hiki kinagusa moja kwa moja kazi ya kupanda upya nyasi inayoendelea katika nchi yetu kavu. Huko Baringo, shirika la RAE (Rehabilitation of Arid Environments) limekuwa likirudisha malisho kwenye ardhi iliyochakaa tangu 1982, na Cenchrus ciliaris ni mojawapo ya nyasi zilizotumika. Katika Makueni, Kitui na Kajiado wakulima na wafugaji hulima mifereji ya kukinga maji kwa plau ya ng'ombe, hutawanya mbegu kwa kiasi cha kilo tano hivi kwa hekta, hufunga shamba hadi nyasi ijijenge, kisha huuza marobota ya nyasi kavu na mbegu. Biashara ya mbegu imewapa wengi, wanawake hasa, kipato ambacho nyasi haikuwahi kukileta. Ndani ya biashara hiyo, hata hivyo, kuna mchujo unaoendelea kimyakimya. Anayevuna mbegu kwa kuuza atavuna zaidi kutoka kwenye mimea inayochanua upesi, inayokomaa kwa pamoja na yenye masuke mengi kwenye kimo kinachofikika kwa mkono. Mmea uliotumia nguvu zake kutambaa chini ya udongo utaingia kwenye gunia kwa punje chache. Mwaka wa pili na wa tatu gunia hilo likipandwa na kuvunwa tena, ukoo wa kupeperuka utazidi, na kwa kuwa mbegu ni nakala za mama, mchujo huo hauna kinachoulegeza: vinasaba havichanganyiki na kurudisha kilichopotea, ukoo mmoja unapungua na mwingine unaongezeka hadi mmoja unabaki peke yake.

Kwa anayetaka mbegu ya kuuza, au malisho ya haraka baada ya mvua fupi, hilo si hasara hata kidogo. Kwa anayetaka kuziba korongo, au kushikilia mteremko ambao kila mvua huuchukua kidogo, ni hasara kubwa, kwani anachohitaji ni ule mwili wa chini unaofunga udongo hata pale ng'ombe wamekula majani yote. Nimesikia mara nyingi mtu akisifu au kulaani nyasi hii kwa jumla, kwamba "inashika" au "haishiki", bila kusema mbegu yake ilitoka wapi. Mbegu ya Kilifi ikipandwa Magadi na ikafa, hatujajifunza lolote juu ya spishi. Tumejifunza juu ya safari kutoka Kilifi hadi Magadi.

Kwa sababu hiyo gunia la mbegu ya nyasi linastahili maandishi mengine zaidi ya jina la spishi na uzito: mahali ambapo mama wa kwanza alichukuliwa, mwaka wa kuvunwa, na ni mara ngapi imepandwa na kuvunwa tangu ilipotoka kwenye kituo cha utafiti. Vitalu vya kulinganisha koo navyo vinahitaji vipimo viwili ambavyo havigharimu zaidi ya kamba na subira. Cha kwanza ni upana wa kishungi kwenye usawa wa udongo, upimwe kwenye vishungi vilevile vilivyowekewa vijiti, mwanzoni mwa kila msimu wa mvua kwa miaka mitatu au minne. Cha pili ni idadi ya miche inayoota nje ya kitalu, upande unaokwenda upepo na upande yanakoelekea maji, ihesabiwe katika umbali wa mita moja, tano, ishirini na hamsini kabla ya mwenye jembe kupita. Mahali pa kuanzia kuhesabu ni kando ya barabara inayopita mbele ya lango la kituo.